KAZI ZIPI ZIANDIKWE, ZIPI ZIACHWE

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Kintinku



Nimepewa dakika ishirini, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo nililoagizwa. Vijana kadhaa walimwandikia Ndugu Katibu wakiuliza: mtu anapoandika wasifu wake ili kuomba kazi, je, ataje kazi zote alizowahi kuzifanya, au achague? Na akichagua, hatahesabiwa kuwa amedanganya? Swali limeletwa kwangu kwa kuwa nilikuwa ofisa utumishi kwa miaka mingi, na maombi ya kazi niliyoyasoma yangeweza kujaza behewa.

Jibu langu ni kwamba kuchagua ni halali. Wasifu si kiapo cha mahakamani. Ni karatasi mbili au tatu ambazo kwazo mwombaji anamwonyesha mwajiri kuwa kazi iliyotangazwa anaiweza. Wako wanaosema kuwa wasifu wa kwanza kabisa duniani ni barua ambayo Leonardo da Vinci alimwandikia Ludovico Sforza, mtawala wa Milano, mwanzoni mwa miaka ya 1480. Sisi leo tunamjua Leonardo kwa picha alizochora. Lakini katika barua ile alieleza kwanza habari za madaraja ya kubebeka, mizinga na magari ya vita, na uchoraji akautaja mwishoni kabisa kwa maneno machache, kwa sababu alijua bwana yule alikuwa akihitaji nini. Sisemi mwige yote. Mengi aliyoandika yalikuwa ya kuahidi kuliko ya kutenda, na msaili wa leo angemwuliza mizinga hiyo aliitengenezea wapi.

Lakini hapana budi tutenganishe wasifu na fomu. Wasifu unauandika wewe, nawe unachagua. Fomu ameiandika mwajiri, na ikisema utaje waajiri wako wote, unawataja wote, hata yule mliyeachana kwa maneno makali. Ikiuliza kama umewahi kufukuzwa kazi, jibu linalotakiwa ni ndiyo au hapana, si hadithi.

Kwa wale wanaoomba kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iko kazi moja ambayo haichaguliki, nayo ni ile ya serikalini uliyo nayo sasa. Someni masharti ya jumla chini ya matangazo yao. Watu huyaruka kwa kuwa yameandikwa kwa herufi ndogo na yanafanana kila mara. Mtumishi wa umma hutakiwa kupitisha barua yake kwa mwajiri wake. Aliyestaafu utumishi wa umma haruhusiwi kuomba, ila awe na kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi. Anayeificha kazi hiyo akidhani anapunguza maneno, anajitafutia taabu, maana jina lake limo katika orodha ya mishahara.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma, ndugu zangu. Vijana wetu wa huku hawaongezi sana kazi katika wasifu. Kosa lao ni kuzificha zile halisi walizozifanya. Mwaka mmoja nilimsaidia kijana wa bonde hili aliyeomba kazi ya mtunza ghala. Wasifu wake ulikuwa na shule, cheti, semina ya siku tatu, na mapenzi yake kwa mpira wa miguu. Kati ya kumaliza shule na siku ile palikuwa na miaka mitatu mitupu. Nikamwuliza, "Miaka hii ulikuwa unakula nini?" Akacheka, akasema alikuwa tu kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya mjomba wake. Hilo neno "tu" ndilo lililonifanya nivute kiti.

Nilipomhoji, nikagundua kuwa kila msimu alikuwa akipokea magunia ya watu, akiyapima kwenye mizani, akiandika jina la mwenye mali na uzito katika daftari, akitoa stakabadhi, kisha baada ya kukoboa akitenganisha mchele na pumba na kumkabidhi kila mmoja haki yake. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye mashine msimu wa mavuno anajua ugomvi unaoweza kutokea gunia moja likipotea. Kijana huyu alikuwa mtunza ghala tayari! Aliiacha kazi hiyo kwa kuwa haikuwa na meza, wala muhuri, wala barua ya kuajiriwa. Tukaandika hivi: "Mpokeaji na mtunza mali, mashine ya kukoboa mpunga, Kintinku," tukaweka miaka, na chini yake mistari mitatu ya alichokuwa akifanya. Hatukuandika "Meneja wa Ghala". Mjomba angepigiwa simu, angesema kweli, na kweli hiyo ilitosha.

Hapo naomba mnivumilie niseme kidogo juu ya Mwalimu Nyerere. Alifundisha St. Mary's pale Tabora, kisha Pugu, na kazi hiyo akaiacha mwaka 1955 kwa ajili ya TANU. Baadaye akawa Waziri Mkuu, na akawa Rais hadi mwaka 1985. Katika kazi zote hizo, ile aliyoibeba kama jina hadi kufa kwake mwaka 1999 ni ya ualimu, aliyoifanya kwa miaka michache mno.

Watu huniuliza kama kazi ya muda mfupi iandikwe. Mimi sipimi kwa urefu. Karani wa sensa ya Agosti 2022 alifanya kazi majuma machache, lakini alifunzwa, akala kiapo cha kutunza siri, akaenda kaya kwa kaya na kishikwambi mkononi akijaza majibu ya watu asiowajua. Anayeomba kazi ya ukarani, ya utafiti au ya afya ya jamii asiiache hata kidogo. Kwa upande mwingine, mtu aliyeuza dukani kwa shangazi miezi miwili akingoja matokeo ya mtihani, naye sasa ana miaka kumi ya uhasibu, duka hilo aliache lipumzike.

Wako hapa pia waliofanya vibarua katika ujenzi wa reli ya kisasa, kipande cha Morogoro hadi Makutupora, kilometa 422 ukihesabu na njia za kupishania. Najua wengine hamkuandika kwa sababu ni kibarua. Andikeni. Kufunga nondo, kuchanganya zege, kufuata masharti ya usalama kazini, hayo hayafunzwi darasani. Ila andika jina la yule aliyekulipa. Kama ulichukuliwa na mkandarasi mdogo, taja huyo mkandarasi mdogo, kisha sema kazi yenyewe ilikuwa katika mradi gani. Ukiandika jina la kampuni kubwa peke yake, na mwajiri akaenda kuuliza huko, jina lako halitaonekana, nawe utaonekana mwongo bila ya kuwa mwongo.

Je, kuchunga ng'ombe wa baba? Hilo si ajira, wala sikubaliani na wanaoliita "msimamizi wa mifugo". Lakini kama unaomba chuo cha mifugo, na ulikuwa ukimsaidia bwana mifugo kwenye josho na chanjo, litaje katika barua ya maombi, sentensi moja au mbili. Barua ina nafasi ya mambo ambayo wasifu hauna pa kuyaweka.

Jeshi la Kujenga Taifa nalo huwasumbua watu. Aliyejitolea miaka miwili, akalima, akajenga, akalinda, aiweke pamoja na kazi. Aliyekwenda kwa mujibu wa sheria aiweke pamoja na mafunzo. Na wale waliomaliza kidato cha sita kati ya 1994, mafunzo ya lazima yaliposimamishwa, na 2013 yaliporudishwa, hawana haja ya kueleza kwa nini hawakwenda.

Nigeukie wazee wenzangu kidogo, maana nao wanaandika wasifu, hasa wanapotafuta kazi za mkataba kwa watu binafsi. Taabu yetu ni kwamba waajiri wetu wamekufa. Tazameni reli hii inayopita hapa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli ya Jumuiya ikagawanywa, tukapata TRC. Mwaka 2007 ikawa TRL. Mwaka 2017 ikarudi kuwa TRC. Mtu aliyeingia kazini miaka ya 1990 na kustaafu juzi anaweza kuwa na waajiri watatu katika wasifu wake, hali hakuhama hata meza. Kijana anayesoma karatasi hiyo mjini atadhani huyu mzee ni mtu wa kurukaruka. Iandikeni kama kazi moja: reli, tangu mwaka fulani hadi mwaka fulani, na majina ya shirika yafuatane katika mstari mmoja. Aliyekuwa NMC aandike NMC, jina lililokuwapo siku zile. Asilibadilishe kwa jina la aliyenunua kinu baadaye.

Ushahidi je, kama ofisi haipo? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Wengi hawakidai kwa sababu siku hiyo wanafikiria malipo tu. Kidaini, mkitunze pamoja na vyeti vya shule. Na kama kimekosekana, kumbukumbu za michango yenu ya hifadhi ya jamii huonyesha nani alikuwa akiwachangia, na tangu lini.

Juu ya kuongeza kazi isiyokuwapo nitasema machache. Aprili 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti, nayo ilitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Hivyo vilikuwa vyeti vya shule. Lakini barua ya kazi ya kubuni nayo ni karatasi ya kughushi vilevile, na humngojea mtu miaka mingi ndani ya faili, hata akiwa amekwisha kupata watoto na mkopo wa nyumba.

Limebaki swali la wanaofundisha kwa kujitolea katika shule za kata. Wameniuliza kama kazi isiyo na mshahara ni kazi. Vipindi ulifundisha? Mitihani ulisahihisha? Basi iweke katika orodha ya kazi, andika neno "kujitolea" waziwazi, taja masomo na madarasa, na umwombe Mkuu wa Shule barua sasa hivi, angali pale, kabla hajahamishwa. Huyo pia ndiye mdhamini wako wa kwanza kati ya wale watatu wanaotakiwa. Usimwandike mheshimiwa ambaye hakukuona ukifanya kazi hata siku moja.

Kesho asubuhi nitakaa chini ya mwarobaini ule mbele ya ofisi ya walimu, hadi saa nne, kabla sijapanda basi la Dodoma. Wenye wasifu waje nao. Wasio nao waje na daftari tupu na kalamu ya risasi, waanze kwa kuandika kila kazi waliyowahi kuifanya tangu siku walipotoka shule, pamoja na zile za kuonea haya, nasi tutazipitia pamoja moja baada ya nyingine.