Mtaa wa Kanisa wa Rabai na Wageni Wake



Tumetakiwa kunena machache juu ya mtaa wa Kianglikana wa Rabai, nyuma ya Mombasa. Nasi twauliza: watu wake walitoka wapi?

Krapf na Rebmann walikaa Rabai tangu mwaka 1846 kwa idhini ya wazee wa Warabai. Kwa miaka mingi waumini walikuwa wachache mno. Kisha wakaja Waafrika waliookolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, Bara Hindi. Mmoja wao, William Jones, alifanywa shemasi na Askofu Hannington mwaka 1885. Wakaja pia watoro waliokimbia mashamba ya pwani. Mabwana zao waliwadai kwa vitisho, na wakubwa wa misheni walionya wasipokewe. Hata hivyo walizidi kupokewa, wakajenga, wakalima, wakasali. Mwanzoni mwa 1889 Kampuni ya Kiingereza iliwalipa mabwana fidia, na watoro wapatao 1,400 wa vituo vya misheni wakapewa hati za uhuru, wengi wao wakiwa wa Rabai.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kanisa lile lilipata watu kwa sababu mlango haukufungwa.

Basi, wazee wetu, akija kwetu mgonjwa au mfiwa asiye na jamaa wala kabila letu, tutazame kwanza haja yake, kisha ndipo tumwulize kwao.