Biringanya za Nyumbani: Soma Siku za Kungoja Kabla ya Kupuliza

(Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika baraza la wakazi, Kilifi)



Mimi si bwana shamba. Kazi yangu ni kuwaletea habari za kaunti. Lakini Katiba ya 2010 ilipoleta kilimo mikononi mwa kaunti, maswali ya kilimo nayo yalitufuata mpaka barazani, na moja halikosi: "Biringanya zangu zimeingiwa na wadudu, nipulize dawa gani?" Maafisa wa kilimo hujibu kwa swali lingine: utachuma lini?

Biringanya haivunwi siku moja kama mahindi. Mche mmoja huwa na maua, matunda machanga na matunda yaliyokomaa kwa wakati mmoja, na ukianza kuzaa unachuma kila baada ya siku chache, wiki baada ya wiki. Sasa chukua pakiti ya dawa usome. Dawa iliyosajiliwa na PCPB, bodi inayosimamia dawa za wadudu nchini, huandikwa siku za kungoja kati ya kupuliza na kuvuna. Nyingine ni siku tatu, nyingine saba, nyingine kumi na nne. Baba akipuliza Jumatatu dawa ya siku saba, na Alhamisi mama akakata biringanya mbili za kutia kwenye mchuzi wa nazi, watoto wamekula dawa. Msidhani kuosha kunatosha. Ziko dawa zinazopenya ndani ya mmea, na hizo hazitoki kwa maji.

Kwa hiyo, chuma kwanza zote zilizokomaa, ndipo upulize, kisha waambie wote nyumbani tarehe ya kuchuma tena. Funga hata kitambaa chekundu kwenye ua wa bustani. Asiyeweza kungoja asipulize. Na dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda, isiyo na maandishi, usiinunue kwa bei yoyote. Utajuaje siku zake?

Kwa bustani ya miche kumi au ishirini, mara nyingi mikono yatosha. Geuza majani kila asubuhi. Ukiona vidoa vyeupe na utando mwembamba chini ya jani, huo ni utitiri mwekundu, unaopenda joto na vumbi. Urushie maji kwa nguvu upande wa chini wa majani. Vidukari hufa kwa maji ya sabuni kidogo. Mwarobaini nao tunao karibu kila boma hapa Pwani: ponda majani, loweka usiku kucha, chuja, nyunyiza jioni. Tunda au ncha iliyotobolewa na kiwavi ikate uichome moto. Ukiitupa kando ya bustani, umemfuga.

Kuna jambo moja ambalo hata dawa ya duka haitibu. Mche unanyauka mchana majani yakiwa bado ya kijani, na baada ya siku chache umekufa. Kata shina karibu na ardhi, litumbukize ncha kwenye glasi ya maji safi, utulie dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, huo ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa mche, uchome, na pahali hapo usirudishe biringanya wala nyanya, pilipili au viazi, maana ni ukoo mmoja. Panda mahindi kwa misimu kadhaa. Watu wengi humaliza pesa hapa, wakinunua unga huu na ule kwa ugonjwa uliomo udongoni.

Kupanda kwenyewe si kazi kubwa. Sia mbegu kitaluni. Baada ya wiki nne hadi sita, miche ikifika urefu wa kiganja, ihamishe, futi mbili toka mche hadi mche. Tia gorogoro moja ya samadi iliyooza kila shimo, hasa kwenye mchanga wetu huu, na ufunike udongo kwa nyasi kavu. Asiye na shamba atumie gunia, au ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini. Maji ya kuoshea mchele yanafaa. Maji ya kisima chenye chumvi hayafai. Mmea huu hauyapendi.

Miezi miwili na nusu hivi baada ya kuhamisha, utaanza kuchuma. Chuma ngozi ikiwa bado inang'aa. Ikififia, mbegu zimekuwa ngumu na tunda linaelekea uchungu. Tumia kisu, usivute, na usiache matunda yaliyozeeka mtini, kwani yanachelewesha mengine.

Mwenye mche ulionyauka, au pakiti ya dawa asiyoielewa, aende navyo kwa afisa wa kilimo wa wadi yake kabla ya kwenda dukani. Haya, nani ana swali?