Mama aliyejua majina yetu yote: maneno ya kumuaga



Ninyi watoto na wajukuu, kule nyumbani mlimuita Mama na Koko. Sisi ku masomo tulimuita Mama Direktrisi. Familia imeniomba niseme kwa niaba ya walimu aliowafundisha kazi. Nitasema kidogo tu, juu yeye hakupendaka maneno marefu.

Nilifika kwake mwaka 2014, na diploma mpya na viatu vya kuazima. Alinipa darasa la tatu, watoto 62. Hakuniuliza natoka familia gani, wala nani amenituma. Aliniuliza: «Utajua majina yao yote siku gani?» Nikajibu: kisha mwezi moja. Akasema: «Uko na juma moja.»

Wakati ule sikuwa bado ku listi ya mishahara ya serikali. Mnajua vile ilikuwa: tangu miaka ya 1990, wazazi njo walibeba walimu mgongoni. Mzazi akikosa kulipa, mtoto anafukuzwa. Asubuhi moja na mimi nilifukuza watoto 11. Mama aliwakuta ku mlango wa kiwanja. Hakunigombeza mbele yao. Aliwarudisha ndani, akasimama nyuma ya darasa mpaka nikamaliza hesabu. Kisha akaniita ku biro, akafungua mkoba wake, akanigawia sehemu ya pesa yake mwenyewe. Akaniambia: «Njaa yako ni ya kweli, mwanangu. Lakini hili deni si la mtoto wa miaka nane. Mwenye deni unamjua. Umudai yeye.»

Nilikasirika. Nilifikiri anasema vile juu yeye anashiba. Kumbe jioni alikuwa anauzisha makala mbele ya nyumba. Jana usiku hapa ku kilio, mkubwa wenu aliniambia wazi: kuna siku mlilala njaa na mlimkasirikia, juu mliona anapenda watoto wa wengine kuliko ninyi. Muko na haki ya kusema vile. Roho nzuri ya Mama, ninyi pia mliilipia. Leo sisi walimu tunawaambia asante, na tunawaomba msamaha.

Wazee mnakumbuka tarehe 17 Januari 2002. Nyiragongo ilitapika, lava ikakata muji wa Goma mpaka ziwani, na masomo yake ikaungua. Alikimbia Gisenyi, mtoto mugongoni, na rejista ya majina chini ya kitenge. Aliporudi, alizunguka kartie kwa kartie na ile rejista, akitafuta wanafunzi moja moja. Darasa likaanza tena chini ya hema, juu ya mawe nyeusi yenye ilikuwa ingali na joto. Na mwaka 2021, mlima ulipotapika tena, alitupigia simu sisi wote: «Watoto wako, umewahesabu?»

Mwezi wa tisa 2019, serikali iliposema masomo ya msingi ni bure, alilia kwa furaha. Halafu madarasa ikajaa, watoto wakakaa chini, na walimu wengi wakabaki bila mshahara. Akatuambia: «Mlango umefunguliwa. Sasa mudai viti.»

Yeye alianza kufundisha mwaka 1981, wakati pesa ya inchi ilikuwa ingali zaire. Muda wake wa kupumzika ulipita zamani. Faili yake ya pensheni ilienda, ikarudi, ikaenda tena. Amekufa ikiwa ingali njiani. Ndugu zangu, tusiseme ni mapenzi ya Mungu. Kifo ni cha Mungu, lakini faili iko mikononi mwa watu.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. Walimu: siku ya kwanza mukirudi darasani, muite kila mtoto kwa jina lake, na musifukuze hata moja juu ya deni lisilo lake. Vijana: katika kila kartie kuna mwalimu mzee anayengojea faili yake. Mumtafute angali mzima. Mumsindikize mpaka ku ile biro, mukae naye pale ku benchi mpaka wamjibu.

Mama, kila asubuhi uliita majina, na sisi tukajibu «Prezan!» Leo wewe hutajibu tena. Tutajibu sisi, kwa kazi.

Pumzika, Koko. Tumewahesabu. Wote wako.