Kazi ya Kila Wiki Isitegemee Kichwa cha Mtu Mmoja

(Mazungumzo yetu na makatibu na waweka hazina wa vikundi vya akina mama na vijana, katika mafunzo ya utunzaji wa kumbukumbu)



Vikundi vingi siku hizi vimeacha lile daftari kubwa, na michango inaandikwa kwenye kompyuta iliyo nyumbani kwa katibu. Hilo ni jambo jema. Lakini daftari likinyeshewa, mtaliweka juani na kurasa zitasomeka. Kompyuta ikiungua kwa ajili ya stima, hakuna cha kuanika.

Tulitembelea kikundi kimoja ambacho kompyuta yake ilikufa, na nakala iliyokuwa kwenye flashi ilikuwa ya miezi minne nyuma. Akina mama walikaa siku mbili, kila mmoja na karatasi zake na ujumbe wa simu yake, wakibishana nani alilipa na nani bado. Wengine hawajarudi mkutanoni hadi leo. Na yule katibu hakuwa mwizi wala mvivu. Alikuwa na shamba, watoto na matanga ya jirani, akasahau.

Basi leo tunasema hivi: kazi inayorudi kila wiki, tumwachie yule asiyesahau, yaani kompyuta yenyewe. Halafu sisi tubaki na kazi ya kukagua.

Uwezo huu si mpya. Kompyuta zinazotumia Unix zimekuwa na programu iitwayo cron tangu miaka ya 1970, nayo kazi yake ni kuamsha programu nyingine saa yake ikifika. Kwa watu wa Windows, programu ya namna hiyo ilikuja mwaka 1995 katika nyongeza ya Windows 95, na leo inaitwa Task Scheduler. Imo ndani tayari, hamnunui kitu. Andikeni jina hilo mahali pa kutafutia programu, nayo itafunguka.

Ukichagua kutengeneza kazi mpya ya kawaida, itakuuliza maswali manne. Kazi inaitwaje? Ifanyike lini: kila siku, kila wiki au kila mwezi? Saa ngapi? Na programu gani ianzishwe? Kwa kunakili faili kuna robocopy, ambayo nayo imo ndani ya Windows. Unaipa folda ya kutoka na folda ya kwenda, basi. Kwa mfano, kutoka folda ya kikundi kwenda kwenye flashi, kila Ijumaa saa kumi jioni baada ya mkutano.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu huanguka.

Kwanza ni saa. Sisi twahesabu saa tangu macheo. Kompyuta huhesabu tangu usiku wa manane. Mtu akitaka saa mbili usiku, akaandika 2:00, kompyuta itangoja hadi saa nane usiku, wakati nyumba nzima imelala na mashine imezimwa. Kanuni ni rahisi. Saa za mchana, ongeza 6: saa nne asubuhi ni 10:00, saa kumi jioni ni 16:00. Kuanzia saa moja jioni hadi saa tano usiku, ongeza 18: saa mbili usiku ni 20:00. Kama kompyuta yako hutumia AM na PM, hiyo 20:00 itakuwa 8:00 PM.

Pili ni siku, kwa wale vijana wanaotumia cron. Jumatano ina neno tano ndani yake, lakini cron huhesabu Jumapili kuwa 0 na Jumatatu kuwa 1. Kwa hiyo Jumatano ni 3, na ukiandika 5 umeandika Ijumaa. Mstari wa 0 16 * * 5 maana yake ni dakika 0, saa 16, tarehe yoyote, mwezi wowote, siku ya Ijumaa.

Tatu ni stima. Kompyuta iliyozimwa haifanyi kazi yoyote. Cron ikipitwa na saa hairudi nyuma. Katika Task Scheduler mnaweza kuweka alama kwamba kazi iliyopitwa ifanyike mara tu itakapowezekana, lakini alama hiyo haiko mpaka muiweke wenyewe. Tena kwa kawaida kazi hukataa kuanza kama laptopu inatumia betri, na kwetu stima hupotea. Ingieni kwenye masharti ya kazi hiyo mkaiondoe alama ya kungoja stima.

Nne ni flashi. Kama haijachomekwa, nakala haina pa kwenda. Na kama katibu amefuta michango kwa bahati mbaya halafu akahifadhi, kompyuta itanakili hilo kosa kwa uaminifu uleule na kuifunika nakala nzuri ya jana. Kwa hiyo wekeni flashi mbili, moja wiki hii, nyingine wiki ijayo, na ile isiyo kazini ikae nyumba nyingine. Hakikisheni zote mbili zinasomeka kwa herufi ile ile kwenye kompyuta, la sivyo kazi itaitafuta flashi isiione.

Ndiyo maana tunasisitiza ukaguzi. Kompyuta inakumbuka saa, lakini haijui kama mchango wa mama fulani umo au haumo. Kila mwezi, mtu ambaye si katibu achukue flashi, aifungue kwenye kompyuta nyingine, asome mstari wa mwisho mbele ya wanachama. Kama ni wa wiki hii, vizuri. Kama ni wa miezi miwili nyuma, mmelijua mapema, kabla halijawa ugomvi. Hii si kumshuku katibu. Ni kumwondolea mzigo, ili siku mashine ikifa asisimame peke yake mbele ya watu.

Kabla ya kuondoka, kila kikundi kiandike kwenye karatasi mambo matatu: siku, saa ya kompyuta, na jina la mkaguzi. Tutakapokuja kuwatembelea, hatutauliza kama mnayo kompyuta nzuri. Tutaomba kuiona flashi.