Kujifundisha Lugha ya Kigeni

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa jioni)



Watu wengi hudhani kwamba asiye na karo hawezi kuipata lugha ya kigeni. Nataka kuwaonyesha kwamba sivyo.

Heinrich Schliemann alizaliwa Ujerumani mwaka 1822. Kwa sababu ya umaskini aliacha shule akiwa na miaka kumi na minne, akawa mtumishi wa duka. Baadaye alipata kazi ya utarishi katika ofisi ya wafanya biashara mjini Amsterdam. Kazi yake ilikuwa kugonga mihuri na kupeleka barua posta, lakini nusu ya mshahara wake aliitoa kwa masomo.

Alianza na Kiingereza. Kila siku alisoma kwa sauti, wala hakutafsiri. Aliandika insha fupi juu ya mambo aliyoyapenda, akasahihishiwa, kisha akaishika kwa moyo na kuisema siku ya pili. Alipotumwa alichukua kitabu mkononi, akasoma huku akingoja zamu yake posta. Jumapili alikwenda mara mbili katika kanisa la Waingereza, akarudia polepole kila neno la mhubiri, apate matamshi.

Alipotaka Kirusi hakupata mwalimu. Alikuwa na kitabu cha sarufi, kamusi, na hadithi moja tu. Basi akamwajiri mzee maskini aje kila jioni kumsikiliza, ingawa mzee hakujua hata neno moja la Kirusi! Wapangaji wenzake walichoshwa na kelele, hata ikamlazimu kuhama nyumba mara mbili. Asema kwamba baada ya majuma sita aliweza kuandika barua kwa Kirusi.

Habari hizi aliziandika mwenyewe, naye alikuwa mtu wa kujisifu. Kwa hiyo tusiyahesabu sana majuma yake. Tuzishike njia zake.

Mimi nilifanya kinyume. Nilikariri kanuni za Kiingereza miaka mitatu, nikajaza daftari kwa maneno. Siku moja mgeni aliniuliza njia ya kwenda stesheni. Kila neno nililijua, lakini ulimi ulikataa. Mtoto wa jirani, ambaye hakujua kanuni hata moja, akamjibu kwa maneno matatu na kidole. Niliona haya sana, lakini siku ile nilipata somo: nilikuwa nimeyafundisha macho yangu, ulimi nimeuacha.

Basi, shikeni mambo haya. Tengeni nusu saa kila siku, kwani haba na haba hujaza kibaba. Someni kwa sauti. Msiandike neno peke yake, bali sentensi nzima. Katika Kiingereza "look for" ni kutafuta, na "look after" ni kutunza, na mwenye kukariri "look" tu atapotea. Andikeni mistari mitano juu ya kazi zenu za siku, mkamwombe ajuaye awasahihishe. Tena mtafuteni msikilizaji, hata akiwa ni bibi yenu jikoni.

Mwisho, msiogope kuchekwa. Anayekosea leo mbele ya watu husahihishwa leo. Anayenyamaza hubaki na kosa lake.