Lumbesa na Mbio za Magari

Dominika ya 25 ya Mwaka C
Amosi 8:4-7; Luka 16:1-13



Nabii Amosi, tuliyemsikia katika somo la kwanza, alikuwa mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu. Hakusomea unabii. Ndiyo maana anapolisema soko, analisema kama mtu aliyesimama ndani yake akajionea mwenyewe: kipimo kilichopunguzwa, bei iliyopandishwa, mizani iliyoharibiwa kwa makusudi, na watu wanaoona sabato inachelewa kwisha. Leo tutamfikia Amosi kwa njia ndefu kidogo, kwa kupitia mashindano ya magari. Mtuvumilie.

Siku ya Pasaka, tarehe 31 Machi 2024, vijana wetu wa Rangwi walituomba ukumbi wenye televisheni baada ya Misa. Siku hiyo mashindano ya Safari Rally yalikuwa yanamalizika huko Naivasha, nchini Kenya. Tulikubali, tukaketi nao, tukidhani tutakaa nusu saa tu. Kalle Rovanperä wa Ufini alishika nafasi ya kwanza na Takamoto Katsuta wa Japani nafasi ya pili, wote wa timu ya Toyota. Adrien Fourmaux wa Ufaransa akawa wa tatu kwa gari la Ford. Hapo ukumbi ukagawanyika. Wengine walishangilia kana kwamba gari ni lao, maana magari mengi yanayopanda kutoka Mombo hadi huku kwetu ni ya Toyota. Wengine wakasema: timu hiyo si ndiyo iliyowahi kufungiwa kwa udanganyifu? Mwingine akadai kwamba madereva wa timu moja huamriwa nani ashinde, kwa hiyo tunachotazama ni maigizo. Kelele zikawa nyingi hata mzee mmoja, katekista mstaafu, akaja kuuliza kama kuna ugomvi.

Mzee huyo alipojua linalobishaniwa, aliketi. Alitukumbusha kwamba mashindano hayo hayakuwa ya Kenya peke yake. Yalianza mwaka 1953, mwaka wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na miaka ile magari yalifika hata katika milima yetu ya Usambara. Yalikimbia katika barabara zilezile za ng'ombe na mabasi, mara nyingi katika masika. Mwaka 1963 yalimaliza magari 7 tu. Mwaka 1968 yakamaliza tena 7. Alimtaja Bert Shankland wa Dar es Salaam, aliyeshinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, na Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokuwa imekwisha kutumika. Vijana walinyamaza. Hawakujua kwamba babu zao waliwahi kusimama kando ya barabara kuyatazama mambo hayo bila televisheni.

Lakini jambo lililotugusa zaidi lilitokea mwaka 1973. Shekhar Mehta, ambaye jamaa yake walikuwa wamefukuzwa Uganda mwaka uliotangulia pamoja na Waasia wengine, na Harry Källström wa Uswidi, walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa kabisa. Wote waliendesha magari ya Datsun. Ilikuwa rahisi kwa wakubwa kukaa faraghani na kuchagua jina litakalouza magari mengi zaidi. Haikuwa lazima, kwa sababu kanuni ilikuwapo: wakitoka sare, ushindi ni wa yule aliyesafiri mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Wakahesabu. Akawa Mehta.

Tazameni vizuri kanuni hiyo. Iliwekwa kabla ya mtu yeyote kuwasha gari, wakati ambapo hakuna aliyejua itamfaa nani. Mtume Paulo anamwandikia Timoteo kwamba mshindani hapati taji kama hakufuata kanuni za mchezo. Nasi tunathubutu kuongeza upande wa pili: hata mwamuzi hana haki ya kutoa taji kwa kanuni anayoitunga baada ya mbio kwisha.

Tunalisema hili kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia nyingine, tuliombwa kuwa mwamuzi wa mashindano ya kwaya za vigango. Kwaya mbili zilitoka sare. Kanuni ya sare haikuwapo, wala hatukufikiri kuzirudisha ziimbe upya. Kigango kimoja kilikuwa kinajenga kanisa na waamini wake walikuwa wamechoka. Tukaona tuwatie moyo, tukawatangaza washindi. Nia ilikuwa njema! Jioni yake mwalimu wa kwaya ya pili alitujia, akatuuliza kwa upole, "Baba, tulikosea wapi, ili mwakani tujirekebishe?" Tulimtajia sauti ya kwanza. Haikuwa kweli. Alikwenda akawafanyisha mazoezi ya sauti ya kwanza mwaka mzima watu ambao hawakuwa na kosa lolote.

Turudi ukumbini. Yule kijana aliyesema kwamba Toyota iliwahi kufungiwa alisema kweli. Mwaka 1995, katika mashindano ya Catalunya, nchini Hispania, wakaguzi walikuta kwamba gari za timu hiyo zina ujanja katika kile kifaa kinachobana hewa inayoingia katika injini. Kifaa hicho huwekwa ili magari yote yawe na nguvu zinazokaribiana. Cha kwao kilipofungwa garini kilipitisha hewa zaidi ya iliyoruhusiwa. Kilipofunguliwa ili kipimwe, kilijirudisha chenyewe mahali pa halali. Aliyekitengeneza alikuwa fundi hodari kweli, nasi tunasikitika kwamba akili kubwa namna ile ilitumika hivyo. Timu ilinyang'anywa pointi zake na kufungiwa miezi kumi na miwili.

Katika mashindano hayohayo, timu ya Subaru ilimwamuru Colin McRae amwachie ushindi mwenzake Carlos Sainz, aliyekuwa nyumbani kwao. McRae alikaidi, akaenda kasi, kisha mwishoni akachelewa kwa makusudi ili apate adhabu na mwenzake atangulie. Vijana waliuliza: je, hili nalo si udanganyifu? Tuliwajibu kwamba si dhambi ileile. Amri ilijulikana, wala hakuna kipimo kilichoharibiwa. Hata hivyo hatuwezi kumlaumu mtazamaji anayerudi nyumbani akihisi ameibiwa kitu. Wawili hao walikwenda Uingereza wakiwa na pointi sawa. Huko McRae alimshinda Sainz waziwazi, akawa bingwa wa dunia wa mwaka huo.

Basi tulipokuwa tunaagana, yule katekista mstaafu aliuliza swali moja. Aliwauliza vijana: "Na nyinyi Alhamisi mtashona magunia ya namna gani?"

Hakuna aliyecheka. Mkulima wa Lushoto hahitaji kufafanuliwa maana ya lumbesa, ila kwa wasikilizaji wa mijini tuseme kidogo. Gunia la viazi hujazwa hadi mdomoni; kisha huongezewa kipande cha gunia jingine au wavu, likajazwa tena mpaka liote kichwa, likafungwa kwa kamba. Mnunuzi hulipa gunia moja. Sheria ya Vipimo inakataza, na kila mmoja wetu anajua. Wafanyabiashara wa Amosi walipunguza kipimo kwa kuwa walikuwa wanauza. Wa kwetu wanakiongeza kwa kuwa wananunua. Mkono umegeuka tu. Tena wale mafundi wa mwaka 1995 angalau waliuficha ujanja wao ndani ya bomba. Lumbesa imesimama kando ya barabara mchana kweupe, nasi tunaipita tukienda Misa.

Tusiwasingizie wanunuzi peke yao. Mkulima anakubali kwa sababu anajua akikataa, lori litasogea mpaka kwa jirani, na jirani atakubali. Tunashindana sisi kwa sisi nani atatoa zaidi kwa bei ileile. Na wapo wanaojilipiza kwa kuweka viazi vidogo na vilivyooza katikati ya gunia, kisha wakajiita werevu. Yule wakili wa Injili ya leo naye alikuwa mwerevu. Lakini Bwana anaendelea kusema juu ya uaminifu katika mambo madogo, na kiazi kilichooza ni jambo dogo kabisa.

Baada ya Pasaka ile, jumuiya moja ndogo ndogo ya hapa kwetu ilipatana kwamba kila nyumba itajaza gunia hadi kwenye mshono, basi. Wanunuzi wawili waliondoka bila mzigo. Wa tatu alinung'unika, akapakia. Wiki tatu zilipita hivyo. Wiki ya nne baba mmoja alishona lumbesa sita usiku, akaziuza alfajiri, kwa kuwa mwanawe alikuwa amerudishwa kutoka shule. Wenzake walikasirika sana. Wengine walitaka asishiriki tena sala za jumuiya nyumbani mwao. Wengine wakasema kama ni hivyo, kila mtu arudie lumbesa yake. Wakatujia ili tuamue.

Tuliikumbuka ile kwaya. Tuliwauliza: mlipopatana, mlisema nini juu ya mtu atakayebanwa na shida? Walitazamana. Hawakuwa wamesema kitu. Tukawaambia kwamba hatuwezi kumhukumu ndugu kwa kanuni isiyokuwapo, ingawa gunia lenyewe lilikuwa kosa naye anajua. Walikaa tena jumamosi iliyofuata, pale kwa mwenyekiti, wakaanza kuandika: kila nyumba itoe debe moja la viazi kwa mwezi, liuzwe, fedha zikae kwa mhazini kwa ajili ya atakayekwama, na mwenye kukwama aseme mapema, kabla ya lori kufika. Palikuwa na ubishi mkubwa kuhusu nani ashike daftari. Baba yule naye aliitwa. Alikuja akachelewa, akaketi karibu na mlango, na debe la kwanza lilikuwa lake.