Kakao Ikauke Kwanza, Ndipo Isafiri

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika na wafadhili)



Katika mikutano ya sharika tumeulizwa mara nyingi: kwa nini mradi haununui lori la kusafirishia kakao? Ni swali la haki, nasi tunapenda kulijibu leo.

Kakao yetu ya Kyela husafiri zaidi ya kilometa 900 hadi bandari ya Dar es Salaam, kisha hukaa baharini majuma kadhaa kuelekea Ulaya. Hutoka kwenye joto la kando ya Ziwa Nyasa, hupanda kwenye baridi ya Tukuyu, na kushuka tena kwenye joto la pwani. Ndani ya kontena, punje hutoa mvuke. Meli ikifika kwenye baridi, mvuke huo hugeuka maji kwenye paa la bati na kudondokea magunia. Hapo ukungu huanza. Punje zinazofaa kusafiri zina unyevu wa asilimia 7 hivi. Zikizidi asilimia 8 ziko hatarini.

Kwa hiyo kakao isiyokauka, hata ikipakiwa kwenye lori jipya, itafika imeharibika. Msimu mmoja tulijionea wenyewe. Magunia ya wakulima walioanika vizuri yalichanganywa na ya wachache walioharakisha, na shehena yote ikashushwa bei. Waliofanya kazi njema waliumia pamoja na wengine.

Tumekubaliana mambo manne. Kwanza, kakao ivundikwe siku 5 hadi 7, na ianikwe juu ya vichanja, si chini. Pili, kila gunia lipimwe unyevu kabla ya kupokelewa ghalani. Tatu, magunia yawe safi na yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta. Kakao hunasa harufu upesi. Isipakiwe pamoja na mafuta ya taa, samaki wala mbolea. Nne, lori lifunikwe kwa turubai lisilotoboka, na kontena litandikwe karatasi ngumu na kutundikwa vifuko vya kunyonya unyevu.

Wafadhili wetu, tunawaomba vipima unyevu na maturubai kwanza, lori litafuata. Nanyi wanakamati, kila usharika uchague watu wawili wa kufundishwa kupima. Wasimwonee mtu haya: hata gunia la mzee wa kanisa, likiwa na unyevu, lirudi kichanjani.